Imetoka, imetolewa, au nimeitoa?

SWALI

Shikamooni waandishi wa safu hii.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Masasi, nina mtoto mmoja wa miaka minne. Ni Mkatoliki, kwetu ni upande wa Ndanda. Mume wangu ni Mwislamu, kwao Lindi. Ndoa tulifunga bomani, kila mtu akabaki na dini yake, na hatujawahi kugombana kwa ajili hiyo hadi mwezi uliopita.

Nilikuwa na mimba ya wiki nane. Alfajiri moja nikashikwa na maumivu makali ya tumbo upande wa kulia, nikaanguka nikielekea chooni. Hospitali wakanipima utrasaundi, wakasema mimba imetunga kwenye mrija, mrija umeanza kupasuka na damu imejaa tumboni. Nilimsikia aliyekuwa akinipima akimwambia mwenzake, "Moyo unapiga." Nikaletewa karatasi, nikasaini. Nilipozinduka mrija ulikuwa umeshakatwa, nimeongezewa chupa mbili za damu, na kijusi kimeondolewa.

Tatizo langu sasa ni mjomba. Kwetu Wamakua mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Tena ni mzee wa jumuiya. Alipokuja kunipa pole nikamweleza yote kwa ukweli, hadi habari ya moyo kupiga. Laiti ningenyamaza. Akasema: "Kama moyo ulikuwa unapiga, alikuwa mtu. Na wewe umesaini mtu wa ukoo wetu aondolewe. Ungemwachia Mungu aamue." Tangu siku hiyo jumuiyani wananong'ona kwamba nimetoa mimba. Katekista ameniambia nisipokee Komunyo kwanza. Kijana mmoja wa ukoo amefika mahali pa kusema hii ni kesi ya polisi.

Mama mkwe naye ananiambia, "Mwanangu, acha kulia. Mimba ya chini ya miezi minne haina roho, ile ilikuwa damu tu." Najua ananipenda, lakini neno lile liliniuma kuliko la mjomba. Mimi nilishaanza kuongea naye tumboni, alikuwa wangu.

Naomba mnijibu bila kunificha. Je, niliua? Alikuwa mtu, au hakuwa? Tulipaswa kumzika? Hospitali hawakutupa chochote. Nitazaa tena kwa mrija mmoja? Jirani anasema nitazaa jinsia moja tu, na ameniletea dawa ya kusafisha kizazi. Na la mwisho, naona aibu hata kuliuliza: ninaweza kumpa jina?

M., Masasi

JIBU

Marahaba, dada, na pole kwa msiba. Neno msiba tumelichagua kwa makusudi.

Kabla ya mjomba tumalizane na jirani. Dawa hiyo usiinywe. Kizazi chako hakina cha kusafishwa, kwa sababu mimba haikuwa humo. Damu kidogo inayotoka ukeni baada ya upasuaji wa aina hii ni utando uliojengeka ndani ya kizazi kuisubiri mimba. Homoni zikishuka, utando unabomoka wenyewe kama unavyobomoka mwezini. Wewe una kidonda tumboni ambacho bado hakijapona na damu yako bado ni pungufu. Dawa inayobana tumbo na kukuharisha itakumaliza nguvu bila kukuondolea chochote. Kinachotakiwa kukurudisha hospitali siku hiyohiyo ni homa, uchafu wenye harufu mbaya, kidonda kutoa usaha, tumbo kukakamaa, au damu inayojaza pedi mbili kwa saa kwa muda wa saa mbili mfululizo.

Sasa turudi kwenye alfajiri ile, maana mjomba amejenga hoja yake bila kujua kilichokuwa kinatokea ndani ya tumbo lako. Yai na mbegu hukutana kwenye mrija. Kila mimba, yako na ya mama aliyekuzaa, huanzia hapo, kisha husukumwa na vinyweleo vidogo vya ndani ya mrija hadi kizazini, safari ya siku nne au tano, na kuanzia kama siku ya sita hujipandikiza. Mrija wenyewe una urefu wa sentimita 10 hadi 12, na mahali pake pembamba tundu ni la milimita moja au mbili tu. Vinyweleo vikiwa vimeharibiwa na maambukizi ya zamani, hasa klamidia au kisonono, ambayo mara nyingi hupita bila dalili yoyote, mimba hukwama njiani na kuchimba mizizi hapohapo. Lakini usianze kumtazama mume wako kwa jicho baya: karibu nusu ya wanawake wanaopatwa na hali hii hawana kisababishi kinachoonekana. Hutokea kwa mimba moja hadi mbili katika kila mia, na zaidi ya tisa katika kumi kati ya hizo huwa mrijani.

Kizazi ni msuli mnene ulioumbwa kutanuka. Ukuta wa mrija ni wa milimita chache. Kondo changa halijui liko wapi; linachimba kutafuta mishipa ya damu vilevile, na kati ya wiki ya 6 na ya 10 mara nyingi mrija hupasuka. Mwanamke ana damu lita nne hadi tano. Zikishavujia tumboni lita mbili, shinikizo la damu huporomoka, anaanguka kama ulivyoanguka wewe, na asipofunguliwa tumbo mshipa ukafungwa, anakufa. Mimba nayo inakula kwa damu ya mama. Damu hiyo ikikatika, nayo inazimika.

Kwa hiyo njia panda anayoiona mjomba, huyu afe au yule afe, haikuwepo. Palikuwa na kifo kimoja au vifo viwili.

Atakayebisha atasema amesikia kuna mwanamke aliyejifungua mtoto aliyekulia nje ya kizazi. Yapo hayo, kwa nadra sana, na huwa ni mimba iliyojishika kwenye utumbo au ukuta wa tumbo. Hata hiyo ni hatari kubwa kwa mama, ambaye anaweza kufa kwa damu kondo linapobanduliwa. Ya mrijani haifiki huko. Wengine husema kwa nini wasiihamishie kizazini. Mwaka 2019 wabunge wa jimbo la Ohio, Marekani, waliandika muswada uliotaja jambo hilo hilo, na madaktari wa huko wakawajibu kwamba utaratibu huo haupo. Mimba iliyokwisha kuota mizizi haing'olewi ikapandikizwa pengine kama mche wa mkorosho.

Tuje kwenye neno lenyewe. Kiswahili chetu kina *mimba imetoka*, ambako hakuna mtendaji, na kina *ametoa mimba*, ambako yupo na amekusudia. Lako ni la katikati: *imetolewa*, na iliyotolewa hasa ni mrija uliokuwa unavuja damu. Jumuiyani hawana subira ya vinyambulisho, wakachukua lililo jepesi mdomoni. Tumeona jambo jingine kwenye barua yako. Umeandika "kijusi *kimeondolewa*", na baadaye "*alikuwa* wangu". Kwenye sentensi moja ni kitu, kwenye nyingine ni mtu. Hukukosea sarufi. Mabishano yote ya dunia kuhusu jambo hili yamo ndani ya viambishi hivyo viwili, na wewe umevibeba vyote kwa wakati mmoja, jambo ambalo mjomba na mama mkwe wameshindwa.

Je, alikuwa mtu? Tutakwambia watu wanasimama wapi, kisha tutakwambia kwa nini jibu la swali hili halibadilishi jibu la lile la "niliua".

Kwanza tuondoe moyo kwenye hoja. Moyo huanza kudunda kama siku ya 22 tangu mimba kutungwa, ukiwa bado ni kibomba tu. Kudunda kunathibitisha uhai, na uhai hakuna aliyeukataa. Hata yai kabla ya kurutubishwa lina uhai. Kinachobishaniwa ni utu. Mgonjwa ambaye ubongo wake umekufa kabisa moyo wake unaweza kuendelea kupiga kwa msaada wa mashine, na bado madaktari wakatangaza kifo. Kwa hiyo mjomba akitaka kutetea msimamo wake vizuri, asishike moyo. Ashike kutungwa kwa mimba.

Huko kuna hoja nzito. Tangu siku ya kwanza kiumbe kina kromosomu 46 zenye mchanganyiko wake, usio wa mama peke yake wala wa baba peke yake, na kuanzia hapo hadi uzeeni hakuna hatua utakayoinyooshea kidole useme leo ndipo amekuwa mtu na jana hakuwa. Wanaopinga hujibu kwamba hadi karibu siku ya 14 kiinitete kinaweza kugawanyika kikawa mapacha. Kama mtu alikuwapo siku ya tatu, na siku ya nane wakawa wawili, yule wa kwanza ni yupi kati yao? Ni kwa sababu ya namna hiyo kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock huko Uingereza mwaka 1984 ilipendekeza siku 14 ziwe ukomo wa utafiti wa viinitete maabara. Sisi tunaona swali la mapacha ni gumu lakini halimalizi kazi: kijiti cha mhogo ukikikata hupata mashina mawili, na kabla ya kukatwa kilikuwa kijiti kimoja kilicho hai. Wapo wanaoweka mpaka kwenye ubongo kuanza kuhisi, wapo wanaouweka pale mtoto anapoweza kuishi nje, na wapo wanaosubiri azaliwe. Kila mpaka una mahali unapovuja.

Kanisa lako linafundisha kwamba uhai wa binadamu uheshimiwe na kulindwa kabisa tangu kutungwa mimba; ndivyo inavyosema Katekisimu, namba 2270. Lakini angalia lisilosemwa. Tamko la Vatikano la mwaka 1974 kuhusu utoaji mimba liliacha wazi, kwa maneno yake lenyewe, swali la ni lini roho inaingia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, aliona roho yenye akili huja baadaye, mwili ukishaumbika. Aristotle alitaja siku 40 kwa wa kiume na 90 kwa wa kike. Kutoa mimba hata hivyo Tomaso alikuona ni dhambi. Mjomba akisema "ilindwe tangu siku ya kwanza" anasema la Kanisa. Akisema lini hasa alikuwa mtu, anaongeza lake.

Mama mkwe naye ameshika jambo la kweli kwa nusu. Hadithi ya Mtume iliyosimuliwa na Ibn Mas'ud, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa hadithi, inataja siku 40 za tone, 40 za pande la damu, 40 za pande la nyama, kisha malaika anapuliza roho: jumla 120. Hapo watu wetu hukosea hesabu. Hospitali huhesabu wiki kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kama wiki mbili kabla mimba haijatungwa. Siku 120 za wanazuoni ni takriban wiki ya 19 ya kadi ya kliniki, na wiki zako nane ni kama siku 42 za mimba yenyewe. Ipo hadithi nyingine, ya Hudhaifa, kwa Muslim, inayotaja usiku wa 42 hasa: malaika anatumwa kulitia umbo, masikio na macho. Na kabla ya roho si kwamba hapakuwa na kitu. Al-Ghazali, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo ya pwani yetu, alisema kuiharibu mimba ni kosa tangu inapotulia, na kosa linazidi uzito kadiri inavyokua. Kwa hiyo "damu tu" si kauli ya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu. Ni mama anayetaka uache kulia.

Sasa lile la "niliua". Tumpe mjomba kila anachotaka: tuseme alikuwa mtu kamili tangu saa ya kwanza. Bado hukukosea. Mtu kuwa mtu hakumfanyi mwingine awe muuaji wake kila anapokufa. Inategemea ulitenda nini, ulikusudia nini, na ulikuwa na uwezo wa nini. Wataalamu wa maadili wa Kikatoliki wana kanuni ya tendo lenye matokeo mawili, ambayo mzizi wake uko kwa Tomaso akizungumzia kujihami. Tendo lenyewe lisiwe ovu, ukusudie jema, baya lisiwe ndiyo njia ya kulipatia jema, na pawe na sababu nzito inayolingana. Daktari alikata mrija uliopasuka kuzuia damu. Kama mle ndani pangekuwa na uvimbe badala ya mimba, angekata vilevile, kwa kisu kilekile. Kifo cha kijusi kilijulikana kitakuja, hakikuwa chombo.

Hili halikukubalika kwa siku moja. Mwaka 1902 Ofisi Takatifu huko Roma, chombo cha Kanisa cha kulinda mafundisho ya imani, ilijibu swali la kuondoa kijusi kichanga kilicho nje ya kizazi, na jibu lilikuwa hapana. Mwaka 1933 Mjesuiti wa Marekani, T. Lincoln Bouscaren, alitetea kwa kirefu kwamba kukata mrija ulioharibika ni jambo tofauti na kukishambulia kijusi, na walimu wengi wa maadili wakaja upande wake. Wanachobishania hadi leo ni njia mbili nyingine: kuupasua mrija na kuchomoa mimba peke yake ili mrija ubaki, na sindano ya methotreksati inayoua seli za kondo zinazogawanyika. Wewe hukufanyiwa hata moja, na sindano hiyo haipewi mtu anayevuja damu tumboni. Kwa upande wa mumeo jambo ni fupi: wanazuoni wengi wa sasa wanaruhusu kuokoa maisha ya mama hata baada ya siku 120, kwa kanuni ya kuchagua dhara iliyo nyepesi.

Katekista hana mamlaka ya kukuzuia Komunyo. Nenda kwa paroko na karatasi ya kuruhusiwa hospitali, umwombe dakika ishirini nje ya foleni ya Kitubio. Adhabu ya Kanisa kwa utoaji mimba, kanuni ya 1397 tangu marekebisho ya mwaka 2021, inamhusu aliyeutafuta na kuupata, si mgonjwa aliyepasuliwa ili mshipa ufungwe. Ukitaka Kitubio kwa ajili ya utulivu, kiri kama ilivyokuwa. Usijipakazie dhambi ambayo hukuitenda ili tu wanong'onaji wanyamaze. Nao wajue kwamba hata aliyetoa mimba kwa kusudi, padre yeyote anaweza kumwondolea, tangu Papa Fransisko aliporuhusu hilo mwaka 2016.

Kijana wa kesi ya polisi hahitaji maneno mengi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa namba za toleo la 2022, inaadhibu kutoa mimba *isivyo halali*: kifungu cha 150 hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, cha 151 hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu unaostahili ili kuokoa maisha ya mama. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishalifuata wazo hilo mwaka 1959. Na kifungu cha 204 kinasema mtoto anakuwa mtu anayeweza kuuawa, kwa maana ya kisheria, akishatoka mzima mwilini mwa mama akiwa hai. Hiyo ni sheria ya kuhukumu mauaji, haikutungwa kukufundisha uhuzunike kiasi gani.

Kwa mjomba usiende peke yako, wala usiende na mume peke yake. Kwenu atasikilizwa kama mgeni. Nenda na mama yako, na mama mkubwa kama yupo. Msibishane juu ya moyo. Mwambie hivi: "Mjomba, shikamoo. Sikuja kubisha kama alikuwa mtu. Tuseme alikuwa wa ukoo wetu tangu siku ya kwanza. Nifundishe, mjomba: ningefanya nini ambacho kingemwacha hai?" Kisha nyamaza. Usimjazie jibu. Akitaja kumwachia Mungu, mama aseme kilichomo kwenye karatasi: damu ilikuwa kiasi gani tumboni, uliongezewa chupa ngapi. Akielewa, ombi lenu liwe moja, aseme mwenyewe jumuiyani kwamba hukutoa mimba. Neno hilo likitoka kwako ni utetezi, likitoka kwake limekwisha.

Karatasi hiyo kama huna, iombe. Ni haki yako. Iwe na mambo manne: mrija wa upande gani umekatwa na ni wote au sehemu, hali ya mrija uliobaki ilionekanaje, majibu ya maabara kama kipande kilipelekwa, na kundi lako la damu. Kundi likiwa hasi (kwa mfano O hasi), sindano ya Anti-D, ya kukinga mimba zijazo, hutolewa ndani ya saa 72 baada ya upasuaji. Kama hukuipata muda umepita, mwambie mkunga mwanzoni kabisa mwa mimba ijayo.

Utazaa? Kwa uwezekano mkubwa. Kati ya wanawake mia waliobaki na mrija mmoja, 60 hadi 70 hushika mimba ya kizazini ndani ya miaka miwili bila msaada wowote. Mrija mmoja ukiwa mzima unaweza hata kudaka yai la upande wa pili. Jinsia huamuliwa na mbegu ya baba, mrija hauna habari nayo. Kwa sasa usibebe ndoo ya lita 20 kichwani wala kuinamia palizi hadi wiki sita zipite, na meza vidonge vya madini ya chuma kwa miezi mitatu. Usivimezee chai, inazuia chuma kuingia mwilini. Wewe na mume mpimwe na kutibiwa magonjwa ya zinaa pamoja, kwa sababu akitibiwa mmoja mnarudishiana. Anza foliki asidi ya mikrogramu 400 kila siku angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba.

Mimba ijayo usisubiri kliniki ya miezi mitatu. Hatari ya kurudia ni kama kumi katika mia. Hedhi ikichelewa, pima mkojo wiki hiyohiyo, na utrasaundi iwe wiki ya 6 au 7, ukitaja kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ulishakatwa mrija. Wakisema "hatuoni kitu kizazini, bado ni mapema", usikubali kuondoka bila tarehe: ama homoni ya ujauzito ipimwe kwenye damu na kurudiwa baada ya saa 48, ama utrasaundi irudiwe ndani ya wiki. Maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu ya ncha ya bega bila kuumia, maana damu ya tumboni husumbua kiwambo, msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na maumivu yakasikika begani, hayasubiri asubuhi. Tena mweke dereva wa bodaboda au bajaji mnayemwamini ajue mapema. Kwa anayeishi Newala au ndani ya vijiji vya Nanyumbu, mjadala wa usafiri usiku ndio unaoua.

Kuhusu kuzika: wiki ya nane kiinitete kina urefu wa kama sentimita moja na nusu, sawa na harage, na kwenye mrija uliopasuka aghalabu kimechanganyika na mabonge ya damu kisitenganishike. Kilichokatwa huenda maabara, kisha tanuri la hospitali au shimo la kondo. Hamkukataliwa mtoto, huenda hapakuwa na cha kukabidhiwa, ingawa aliyekuhudumia angeweza kukwambia. Kwa Waislamu mimba ya umri huo haioshwi wala kuswaliwa. Kinachopatikana huviringishwa kitambaa na kuzikwa. Kwenu unaweza kutoa nia ya misa, na mjomba, kama kweli anaamini ukoo umepotelewa, yeye ndiye wa kuipeleka.

Jina unaweza kumpa, na hakuna wa kuomba ruhusa kwake isipokuwa baba yake. Jinsia haikuwa inaonekana bado, hata kwa mashine. Kwa hiyo tafuteni jina linalokaa kwa wa kike na wa kiume, na linaloitwa Ndanda na Lindi bila mtu kuuliza ni la dini gani. Imani linafaa. Na Amani.